Kimya cha Katikati ya Wimbo

Sahani yetu ya santuri ninayo! Nimeing'oa ukutani dukani kwa baba yako mdogo Simoni kwa mikono yangu hii hii, watu wa fotokopi wakinitazama, msumari ukabaki peke yake. Na wewe unaposoma hapa iko ndani ya begi lako, katikati ya mashuka mawili, imefungwa kwenye kanga yangu ya njano. Usilikalie hilo begi.

Haya, sasa tusalimiane. Hujambo, Elipendo mwanangu? Mimi mama yako sijambo, mguu tu ndio unaniuma kidogo kwa safari ambayo hukuambiwa. Jana nilikuaga nakwenda Manyoni kufuata madebe ya asali. Madebe sikuyafuata. Nilipofika Manyoni nikapanda lori lililokuwa linarudi tupu kutoka kupeleka vitunguu, nikaenda nalo mpaka Singida mjini, na jioni nikarudi na kitu changu kwapani.

Barua hii ninaiandika wewe ukiwa kanisani unaagana na wanakwaya wenzako. Nawasikia mpaka hapa, na huyo anayeimba sauti ya tatu anawaharibia. Sitakuandikia habari za chandarua, wala maji ya kuchemsha, wala vijana. Hayo nimeyasema tangu ukiwa na miaka kumi, na kama hayakuingia, hayataingia leo. Mama yangu, bibi yako wa Sepuka, alikuwa hampi msafiri neno zito kwa mdomo. Alisema msafiri analibeba kichwani na njia inamlemea. Kwa hiyo kesho stesheni tutacheka, nitajisifu mbele ya abiria wote kwamba mwanangu anakwenda Morogoro kusomea kompyuta, na wewe utaona haya kama kawaida yako. Neno zito liko humu. Nitakuambia uifungue barua hii treni ikishapita Dodoma. Kama umefungua Saranda, hata Dodoma hujafika, basi hiyo haraka umeirithi kwangu.

Mwanangu, najua kwamba ulijua.

Ngoja nianzie mwanzo, maana hata mimi ninalo langu, na langu ndilo lililotangulia.

Ule wimbo ni wangu. Hilo umelisikia nikijigamba tangu unanyonya, lakini sikuwahi kukueleza lote. Kwetu Sepuka, wakati wa kupura mtama, wanawake tulikuwa tunasimama duara, kila mtu na fimbo yake. Mwenye wimbo anaanza, wengine wanaitikia, fimbo zinashuka pamoja. Ukifika katikati, anawataja waliotutoka tangu mavuno yaliyopita. Akimaliza jina la mwisho, fimbo zote zinabaki juu. Hakuna anayekohoa. Hata mtoto aliye mgongoni ni kama anajua. Kimya hicho hakina kipimo. Kinakwisha pale mwenye wimbo anapovuta pumzi na kujitaja: mimi fulani, binti fulani, wa mahali fulani, wimbo huu ni wangu. Hapo ndipo fimbo zinaposhuka kwa nguvu kuliko mwanzo, mtama unaruka mpaka kwenye nywele. Asiyejitaja anaweza kuuimba wimbo mpaka koo likauke, lakini si wake.

Mimi niliutunga wangu mwaka aliokufa dada yangu. Nilikuwa na miaka kumi na minane na sikuwa na mpinzani, waulize. Baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa fundi wa reli hapa Itigi na mpiga gitaa wa bendi yao. Alikuja Sepuka kutembelea rafiki, akausikia ule wimbo, akasahau kurudi kazini siku mbili. Alinioa kwa ajili ya wimbo. Sura ilikuja baadaye, na sura nilikuwa nayo pia.

Tulipokwenda Nairobi kurekodi nilikuwa nimeolewa juzi. Fundi wa studio alikuwa mtu mnene mwenye miwani, anatafuna karanga. Tukaimba, nikawataja marehemu, tukafika kwenye kimya. Yule fundi akadhani tumemaliza. Nikauona mkono wake unakwenda kwenye swichi. Baba yako akaruka, gitaa kifuani, akamkamata kiganja. Hakusema kitu, maana hata kimya kilikuwa kinarekodiwa. Wakabaki hivyo wameshikana mikono kama maharusi, wanatazamana. Mimi nikavuta pumzi, nikajitaja: mimi Maria, binti Ntandu wa Sepuka. Ngoma zikarudi. Yule fundi mwisho wa wimbo alisema, "Mama, nusura nikuchinje." Tulicheka mpaka kwenye basi.

Sahani ilipokuja, kwenye ile karatasi ya duara katikati, penye mtunzi, palikuwa na jina la baba yako. Aliniambia, "Watu wa Nairobi wamekosea." Nikakubali. Miaka mingi baadaye, akiwa mgonjwa, alinieleza mwenyewe kwamba hawakukosea. Walimuuliza mtunzi ni nani, akawapa jina lake, kwa sababu wenzake wangemcheka kusimama nyuma ya wimbo wa mke wake. Alilia. Nami nikamwambia, "Baba Elipendo, si kitu. Sauti yangu imo. Mwenye masikio atasikia."

Hilo ndilo kosa langu, mwanangu. Haikuwa si kitu. Kilikuwa kitu tangu siku ya kwanza, na mimi mwenyewe nilikuwa nawaonyesha wageni ile karatasi kama cheti cha ndoa, "Mnaona, jina la mume wangu!" Nilijisifia uongo. Ukweli nikauacha ukae sehemu moja tu duniani, baada ya kile kimya.

Sasa tuje kwa Simoni. Kwenye bendi alikuwa mpiga ngoma, na ngoma yenyewe alikuwa anaikimbiza. Lakini ni ndugu wa mume wangu, amekula kwangu, nimemfulia. Serikali ilipowafungulia watu binafsi biashara, kila mwenye mjomba akafungua duka, naye akafungua lake Singida mjini: fotokopi, kuchapa barua, kompyuta mbili, na ile mashine ya kuhamisha nyimbo kutoka kwenye santuri kwenda kwenye sidii. Wewe ukaenda kujifunza kwake, nami nikawaambia watu wa soko lote kwamba mwanangu ndiye anaiendesha.

Unaikumbuka siku ile niliyoleta sahani. Wateja walikuwa wamejaa. Simoni akanivutia kiti, akapaza sauti ili wote wasikie:

"Shemeji, programu zipo mbili, uchague wewe mwenye mali. Hii ya kwanza ina akili yake. Tunaizungusha sahani, yenyewe inasikiliza. Ikikuta kimya inajua wimbo umeisha, inakata, inahifadhi. Unakunywa chai. Hii ya pili haina akili, ni kama daftari jeupe. Lazima mtu akae asikilize mwanzo mpaka mwisho, akate kwa mkono wake. Inachosha."

Wewe uliniangalia, Elipendo. Nakumbuka ulivyoniangalia. Ulitaka niulize.

Mimi niliyeishia darasa la nne ningeulizaje mbele ya walimu na makarani? Ile ya kwanza ilikuwa na rangi, kijani na nyekundu zinapanda na kushuka. Nikasema, "Weka hiyo yenye akili. Mimi mambo haya nayajua." Mzee mmoja akasema, "Mama wa kisasa huyu!" Nami nikakenua meno yote. Neno kimya lilikuwa limetajwa mbele yangu, na likanipita. Sijui nikuelezeje. Kimya chetu hakisemwi, mwanangu. Bibi yako hakunifundisha kwa maneno, alinifundisha kwa kunifinya. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna kiumbe chochote, hata cha umeme, kinachoweza kukisikia kile kimya kikadhani ni mwisho.

Ukaja nyumbani wiki ile, sahani ikabaki dukani, ukiwa na sidii mkono mmoja, na mkono mwingine barua ya chuo cha Morogoro ambako baba yako mdogo alikuwa amekutafutia nafasi. Nilicheza uani peke yangu, kuku wakakimbia. Wewe hukucheza. Nikasema umechoka.

Ya Kilimatinde hukuyaona kwa macho, ulikuwa dukani, kwa hiyo nikueleze. Harusi ya binti wa shangazi yako. Nilivaa kitenge kipya. Nilimpa mpiga muziki ile sidii, nikazunguka meza zote: "Sikilizeni wimbo unaokuja, mtanisikia mimi." Watu wakanyamaza kweli, na kunyamazisha harusi ya Kilimatinde si kazi ndogo. Wimbo ukaanza. Wazee wakatikisa vichwa. Marehemu wakatajwa. Nikasimama katikati ya ukumbi, nikanyoosha mkono juu kama nina fimbo, nikasema, "Subirini, sasa naingia mimi."

Likaingia dansi la Kongo.

Nilibaki na mkono juu. Watu wakapiga makofi kwa adabu. Shangazi yako, unamjua mdomo wake, akasema, "Umeingia wapi, wifi? Mlangoni?" Ukumbi mzima ukacheka. Mimi nikasema umeme ulikuwa umekatika wakati wa kurekodi. Nilimtetea Simoni. Nilikutetea wewe ambaye sikujua kama una kesi. Nilirudi Itigi na kitenge changu, na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe nilikaa wiki nzima bila kujisifia chochote. Mteja mmoja wa asali aliniuliza kama naumwa.

Bado nikasema ni mashine. Mashine haina undugu na mtu, itanikosea kwa nini? Mpaka Jumatatu hii, nachuja asali, redio ya jirani imefunguliwa ile stesheni mpya ya watu binafsi. Nikausikia wimbo wangu. Nusu yangu haipo. Halafu sauti ya Simoni, tena kwa madaha: "Huu nilitunga mwenyewe nikiwa kijana, na marehemu kaka yangu akanisaidia gitaa." Mtangazaji akamwita mkongwe. Asali ikanimwagikia miguuni, sikuona.

Sasa unajua kwa nini nilipanda lori.

Alinikaribisha vizuri sana. "Shikamoo shemeji! Leteni soda."

"Marahaba. Soda sinywi. Nionyeshe wimbo wangu kwenye hiyo kompyuta."

Akaufungua. Alinionyesha sauti ilivyochorwa kwenye kioo, vilima vilima, vinakwenda, halafu ukingo, basi. Nikamuuliza, "Na huku kwingine?"

"Programu ilikata mafaili mawili, shemeji. La kwanza wimbo. La pili lilikuwa kipande tu, lilijiandika namba, halina jina."

"Liko wapi hilo lisilo na jina?"

"Lilifutwa."

"Na nani?"

Hapo akatabasamu. Mwanangu, tangu jana ninaliona lile tabasamu. Akasema, "Muulize mwanao. Yeye ndiye aliyekaa hapo. Aliniambia, 'Baba mdogo, wimbo haujaisha, huyu ni mama.' Nikamwambia programu imesema umeisha, futa. Akafuta. Siku hiyo hiyo nikamwandikia barua ya chuo. Mtoto mtiifu."

Nilitazama ukutani nikaiona sahani yangu, ameipigia msumari kwenye tundu lake kama picha ya kiongozi. Nikaing'oa.

"Shemeji, usinivunjie heshima mbele ya wateja. Nikiandika barua nyingine, mtoto hana chuo."

Nikamwambia, "Andika, Simoni. Wewe una kalamu, mimi nina mdomo, na kuanzia Tabora mpaka Dodoma hakuna anayepita Itigi bila kununua asali yangu. Tuone habari ya nani itafika kwanza."

Wateja walicheka, lakini mimi sikucheka. Kwenye lori njia nzima nilikuwa nafikiria kidole chako.

Nilimfikiria Simoni kidogo tu. Mtu akikuibia unajua pa kumweka. Wewe sikujua nikuweke wapi. Kidole nilichokipaka asali ukiwa unaota meno. Sauti uliyoifuta ndiyo iliyokuwa inakulaza. Ule wimbo ulikuwa unaujua kabla ya kujua jina lako. Na pale sindano inaporuka, mwanzoni mwa wimbo, ni wewe uliyeruka kitandani ukiwa na miaka mitatu, sahani ikakwaruzika. Ulijua wimbo haujaisha. Hakuna mwingine katika lile duka aliyejua. Ungekuwa hujui, ningelia kidogo nikanyamaza. Umeniuma kwa sababu ulijua, na kwa sababu uliniletea ile sidii nyumbani ukaniacha niende nayo Kilimatinde.

Sasa nikuambie nilichokiona usiku wa kuamkia leo nikiwa nimeilalia sahani. Sikutaka kukiona. Nilijiuliza, huyu mtoto kunyamaza ili kumfaa mwenye nguvu amejifunza wapi? Si kwa Simoni. Alikuwa na mama nyumbani anayewaonyesha wageni karatasi yenye jina la mtu mwingine na kusema, "Si kitu." Mimi nilinyamaza ili niwe mke mzuri. Wewe umenyamaza ili uwe na chuo. Sijakusamehe kwa sababu hiyo, usije ukadhani nimeshamaliza. Nimekasirika, na nitaendelea mpaka nitakapochoka mwenyewe. Lakini ulisema mara moja. "Huyu ni mama." Mara moja tu, kwa sauti ndogo, lakini mimi katika miaka yote ile sikusema hata hiyo moja. Umenizidi kwa moja.

Nilitaka sahani ibaki chini ya godoro. Jirani yetu, mke wa mtoa ishara wa reli, alinishauri niwape wataalamu wa Dodoma wanaofanya kazi hiyo. Nikamwambia wataalamu watakuwa na programu nzuri kuliko zote, lakini watakapofika kwenye kimya, nani atawashika mkono? Baba yako hayupo. Bibi yako hayupo. Nimehesabu wote wanaokijua kile kimya, mwanangu, na aliyebaki anayejua na kompyuta pia ni mmoja. Ndiye aliyenikata. Basi ndiye nitakayempa.

Hapo chuoni watakuonyesha programu nyingi. Chukua ile isiyo na akili, ile ya daftari jeupe. Kaa uisikilize sahani yote, mwanzo mpaka mwisho, usinywe chai. Ukifika kwenye kimya utaona kwenye kioo mstari umelala, hakuna kilima. Usiguse kitu. Usikifupishe hata kidogo, watu wa redio hata wakikuambia kinachosha. Vuta pumzi ninapovuta. Nikishajitaja, ndipo ushushe mabega. Na kuna programu, Simoni alinisifia, zinazofuta mikwaruzo. Mikwaruzo yangu iache. Pale uliporuka paache. Na lile faili lisiachwe namba. Liandike jina langu lote, kwa herufi kubwa, halafu sidii yake initangulie kufika Itigi kabla ya Pasaka.

Wakiifuta nafasi yako kwa maneno ya Simoni, panda treni urudi, asali ipo na mikono unayo. Hakuna chuo cha mtu kulipia kwa sauti ya mama yake, na mimi ndiye nilitakiwa kukuambia hivyo kabla hujaenda kwenye lile duka. Nilikuwa najisifia.

Kesho usinijibu stesheni. Ukitaka kulia, lia treni ikishaondoka, mimi nitafanya hivyo hivyo. Jibu nitalisikia kwenye spika. Nimeshamwomba katekista atuazime ya kanisa. Shangazi yako wa Kilimatinde nimemtumia salamu aje na mdomo wake. Wanawake wa Sepuka wanaleta fimbo za kupuria, wale waliobaki, na mtama nitatoa mimi. Simoni nilimwalika jana, nikiwa mlangoni pa duka lake, hata kabla sijajua sahani nitampa nani. Aliniuliza, "Nije kufanya nini?" Nikamwambia, "Kupiga ngoma. Si ndiyo kazi yako? Na safari hii usiikimbize."

Mimi nitasimama katikati na mkono juu, kama nilivyosimama kule Kilimatinde. Sitasema naingia. Nitanyamaza na wenzangu, nikisubiri kusikia kama mwanangu ameniacha niingie.

Ni Jumamosi ya kwanza baada ya Pasaka, saa nne asubuhi, hapa hapa uani kwetu Itigi. Wote wanakuja.

Mama yako,
Maria binti Ntandu wa Sepuka